Wamaya unaowatafuta watakuwa jikoni na wewe

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mpishi, mzaliwa wa Muheza, na nimefanya kazi katika hoteli za Zanzibar miaka sita. Kuna wakala amenipatia nafasi ya miezi kumi na mmoja kwenye hoteli ya ufukweni kusini mwa Cancún, Mexico, kuanzia Februari. Mshahara si mbaya, lakini kilichonivuta zaidi ni Wamaya. Tangu shule napenda habari zao: mapiramidi, kalenda iliyosema dunia itaisha, mashimo ya maji walimokuwa wakitupa watu. Nitakuwa na siku moja tu ya mapumziko kwa wiki na Kihispania sijui. Je, mfanyakazi kama mimi, si mtalii wala mtafiti, anaweza kujifunza kweli utamaduni wa watu walioangamia na misitu yao, au nitaishia kuona magofu kwa tiketi? Nisome Kihispania au Kimaya? Na wakala anasema niingie kwa viza ya utalii, mengine tutamalizana huko huko. Nishauri."*

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na mkia wa barua yako, kwa sababu nge huuma kwa mkia.

Usiingie kwa viza ya utalii. Kibali cha kazi Mexico hakianzi na wewe, kinaanza na mwajiri. Hoteli ndiyo inayoomba idhini kwenye idara ya uhamiaji ya huko, Instituto Nacional de Migración. Idhini ikitoka, wewe unakwenda ubalozi wa Mexico ulioko Nairobi kwa mahojiano na viza, na ukishatua una siku 30 za kuibadilisha iwe kadi ya ukaazi. "Tutamalizana huko huko" maana yake ni kwamba utakaa miezi kumi na mmoja ukiogopa kila gari la polisi, na mshahara ukicheleweshwa hutathubutu kufungua mdomo. Mwambie wakala akupe mkataba wenye jina la hoteli na uthibitisho kuwa idhini imeombwa. Akianza kuzungukazunguka, umeshapata jibu. Hapa maandishi yangu hayatoshi: chukua karatasi zako uende mwenyewe Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA, uulize kama huyo bwana amesajiliwa. Fanya hivyo kabla hujamlipa hata shilingi.

Karatasi zikikaa sawa, tuje kwa Wamaya.

Umeandika "watu walioangamia". Sikulaumu, vitabu vingi vya shule viliandika hivyo. Lakini fikiria mtalii anasimama kwenye magofu ya Gedi au Kilwa Kisiwani na kuuliza, "Hivi hawa Waswahili walikwenda wapi?" Utacheka, maana aliyemkatia tiketi ni Mswahili, na mwenye boti iliyomvusha ni Mswahili. Ndivyo ilivyo kule. Kati ya karne ya 8 na ya 10 miji mikubwa ya nyanda za kusini, kama Tikal iliyoko Guatemala ya leo, ilihamwa. Ukame ulikuwepo, vita vilikuwepo, na watu walichoka na wafalme walioahidi mvua isiyonyesha. Kuhama mji si kufa. Kaskazini, Chichén Itzá ilishamiri baadaye, kisha Mayapán. Dola ya mwisho ya Kimaya, Nojpetén katikati ya ziwa la Petén, ilitekwa na Wahispania mwaka 1697, zaidi ya miaka mia mbili baada ya Columbus. Na mwaka 1847 Wamaya wa Yucatán, rasi ile ile yenye Cancún, waliinuka kupigana vita vilivyodumu hadi 1901, na sehemu kubwa ya vita hivyo ilipiganwa kwenye misitu iliyo nyuma ya ufukwe utakaokwenda kufanyia kazi.

Leo lugha za Kimaya ni kama thelathini na wasemaji wake ni mamilioni, wengi wao Guatemala. Ile ya rasi ya Yucatán, ambayo wenyewe wanaiita maaya t'aan, ilihesabiwa na sensa ya Mexico ya 2020 kuwa na wasemaji zaidi ya 770,000. Na wengi wao wanafanya kazi wapi? Hotelini. Wanatoka vijiji vya ndani, upande wa Valladolid na Felipe Carrillo Puerto, wanapanda basi kwenda pwani kupika, kufua, kupanga vitanda na kukata majani ya bustani. Watu unaotaka kuvuka bahari kuwatafuta mtashika nao sufuria moja. Mtalii anayelala ghorofani anawaona wakipita na taulo tu. Wewe utakula nao chakula cha wafanyakazi saa kumi jioni, na hiyo nafasi mtafiti huitafuta kwa miaka.

La kalenda nilimalize haraka. Wamaya walihesabu siku kwa mizunguko mirefu, na tarehe 21 Desemba 2012 mzunguko mmoja mkubwa ulifika mwisho, mwingine ukaanza. Ni kama kilomita za gari kugonga sifuri zote: dereva anaangalia, anatabasamu, anaendelea na safari. Kuisha kwa dunia kuliongezwa na watu wenye vitabu vya kuuza.

Mashimo ya maji yanataka maelezo zaidi, kwa sababu ukiyaelewa hayo umeielewa nchi nzima. Kaskazini mwa Yucatán hakuna mto unaopita juu ya ardhi. Hakuna hata mmoja. Chini ni mwamba wa chokaa, na mvua ikinyesha inazama moja kwa moja kupitia nyufa na kutiririka chini kwa chini. Maji ya mvua yana asidi kidogo, yanaula mwamba polepole, yanachimba mapango, na siku moja paa la pango linaporomoka. Hapo panapobaki wazi, maji yakimeremeta chini, ndipo panaitwa ts'ono'ot, neno ambalo Wahispania walilitamka cenote. Baadhi yamejipanga kwa umbo la nusu duara kufuata ukingo wa shimo la kale la Chicxulub, palipoangukia kimondo miaka milioni 66 iliyopita, kile kile kilichowamaliza dinosaria. Kwa hiyo cenote ni kisima kwanza. Mji ulijengwa palipo na maji, na palipo na maji pakawa patakatifu. Ndiyo, katika cenote kubwa ya Chichén Itzá mifupa ya watu imeopolewa pamoja na jade na dhahabu, sitakuficha. Lakini ukimuuliza mama wa kijijini habari ya cenote ya kwao, atakueleza kamba ya ndoo ilivyokuwa ikimchubua mikono utotoni.

Wewe umekaa Zanzibar, mawe ya namna hii unayajua. Mji Mkongwe umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa tanuri. Wamaya nao walichoma mawe yao kwa kuni, wakapata unga mweupe, wakapakia mahekalu na barabara zao, ambazo mpaka leo zinaitwa sakbe, njia nyeupe. Kisha chokaa hiyo hiyo wakaitia kwenye chungu cha mahindi. Kwa mpishi, hapa ndipo pa kuanzia.

Sisi tunakoboa mahindi, tunasaga, tunasonga ugali. Wao jioni wanachemsha mahindi makavu kwa maji yenye chokaa, kama kijiko cha chakula kwa kilo moja hivi (chokaa ya kula, si ile ya kupakia ukuta), na kuyaacha yalale. Nyumba niliyopanga karibu na Valladolid, mama mwenye nyumba aliamka saa kumi na moja alfajiri. Alikuwa anachovya mkono kwenye ndoo, anachukua punje moja, anaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Ganda likibanduka lote kama ngozi ya karanga iliyolowekwa, yako tayari. Likigoma, anasonya. Kisha anayasuuza mara tatu, maji ya njano yakimwagika kuelekea kwenye migomba, na kuyapeleka kwenye mashine ya kijiji. Unga unaorudi ni mbichi, unanata, una harufu ya mvua ya kwanza juu ya vumbi. Anachukua donge, analigonga kwa vidole huku akilizungusha juu ya kipande cha plastiki, analitupa kwenye bati la moto. Likivimba katikati kama chapati iliyokubali, anacheka. Wao wanaita waaj.

Kazi ya chokaa si ladha tu. Mahindi yana niasini, vitamini B3, lakini imefungwa ndani ya punje na tumbo letu haliwezi kuifungua. Chokaa inaifungua, na inaongeza kalsiamu. Mahindi yalipovuka bahari yalikuja bila maarifa haya, na watu waliokula mahindi karibu matupu walipata pelagra: ngozi inababuka, mtu anaharisha, akili inavurugika. Iliwapata masikini wa Italia na wa kusini mwa Marekani, na mwaka 1990 iliwapata wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi. Sisi wengi wetu tumeokolewa na maharage, dagaa na karanga pembeni ya ugali. Sasa jiulize ni makumbusho gani yatakufundisha hayo kama jiko. Ombeni siku moja, wewe na mwenzako wa zamu, mpike chakula cha wafanyakazi: yeye alete mahindi yake na chokaa, wewe utie nazi kwenye maharage. Kama huli nguruwe, jifunze mapema kusema *sin manteca, por favor*, maana mafuta ya nguruwe yanaingia hadi kwenye maharage na hakuna atakayekutahadharisha.

Kuhusu lugha: soma Kihispania kwanza. Najua ungependa niseme Kimaya. Lakini mkataba wako, daktari wako na bosi wako vyote ni Kihispania, na vokali zake tano ni hizi hizi za Kiswahili, kwa hiyo utatamka vizuri kuliko Mwingereza aliyesoma miaka minne. Anza leo, una muda mpaka Februari. Kimaya kina vokali ndefu, toni, na sauti za kukatiza kooni kama k' na t'. Ukiwa na rafiki Mwiraqw wa Mbulu atakusaidia kuelewa sauti ya namna hiyo inatoka wapi. Kwa miezi kumi na mmoja hutakizungumza kwa ufasaha, na atakayekuahidi hivyo anataka ada. Ila salamu unaweza kuanza nazo siku ya kwanza. *Bix a beel?* ni habari yako, na neno kwa neno ni "njia yako ikoje?" Unajibu *ma'alob*, njema. Asante ni *Dios bo'otik*, Mungu akulipe. Ukishayasema hayo mbele ya sinki la vyombo, utaona mtu anageuka.

Tahadhari moja ya adabu. Usimuulize mtu, "Wewe ni Mmaya?" Wengi hawajiiti hivyo, kwao Maya ni lugha, na aliye nayo ni *mayero*. Wengine wamechekwa shuleni kwa kuizungumza, wakaamua wanao wasiijue. Uliza tu, "Nyumbani mnazungumza Maya?" kisha mwache aamue ataufungua mlango kiasi gani. Na simu iwe mfukoni mpaka ukaribishwe kupiga picha, hasa kwenye ibada. Mganga wa jadi, *jmeen*, akiwa kwenye dua ya mvua hafanyi onyesho.

Siku yako moja ya mapumziko usiimalize kwenye mabasi ya watalii. Chichén Itzá nenda mara moja, mapema, kabla ya joto na umati. Piramidi haipandwi siku hizi, lakini ngazi 91 za pande nne na jukwaa la juu vinatimiza 365, na hilo unaweza kulihesabu ukiwa chini kivulini. Baada ya hapo ningekushauri *colectivo*, yaani daladala zao, kwenda Valladolid sokoni, au Punta Laguna karibu na Cobá, hifadhi ndogo ambayo wanakijiji wenyewe wanaiendesha na kukuongoza kuwaona nyani wa mikono mirefu. Jina lake rasmi ni Otoch Ma'ax Yetel Kooh, nyumba ya nyani na puma. Treni mpya, Tren Maya, ilianza kubeba abiria Desemba 2023 na ni rahisi, lakini fahamu kuwa kwenye meza ya wafanyakazi utasikia pande mbili: wanaofurahia ajira, na wanaolalamika kuwa msitu umekatwa na nguzo zimechomekwa kupitia mapango. Sikiliza zote mbili, usihukumu mwezi wa kwanza.

Na kama siku ya mapumziko umechoka, lala. Nimeona vijana wakijilazimisha "kujifunza utamaduni" hadi wakaugua.

Misitu yenyewe usiitegemee iwe kama Amani, pale juu kwenu. Udongo ni kiganja kimoja juu ya mwamba, miti haina kimo kikubwa, na ukifika Februari mingi itakuwa inapukutisha majani. Uzuri wake uko katika kujua mwezi gani unaleta nini. Machi hadi Mei ni maua na asali. Aprili na Mei utanusa moshi: wakulima wanachoma mashamba ya *kool*, watapanda mahindi, maharage na maboga pamoja mvua zikianza, kama bibi yako alivyochanganya mbegu. Kasa wanapanda ufukweni kutaga kuanzia Mei, na hapo hoteli yako itakuwa na sehemu yake ya kulaumiwa kwa taa zake. Kuanzia Juni hadi Novemba ni msimu wa vimbunga, usipuuze king'ora hata kama jua linawaka. Mwisho wa Oktoba ni *janal pixan*, chakula cha roho: mikate mikubwa ya mahindi inafukiwa kwenye shimo la makaa ili marehemu wale kwanza. Ukialikwa, nenda na kuku.

Mtafute ndege aitwaye *tooj*. Ana manyoya mawili marefu ya mkia yenye ncha kama raketi, na anayachezesha kulia na kushoto kama saa ya ukutani. Anajenga kiota kwenye kuta za cenote, kwa hiyo msafiri wa zamani akimwona alijua maji hayako mbali. Na ukiuona mti mkubwa wenye shina la kijivu lenye miiba, uliosimama peke yake katikati ya kijiji, simama uutazame vizuri. Wao wanauita *ya'axche'*, nguzo inayounganisha mbingu, ardhi na kuzimu, hawaukati ovyo. Wewe unaujua. Ni msufi, ule ule tunaojazia mito.

Hatari nizitaje bila kuremba. Mti uitwao *chechem* una utomvu unaogeuka mweusi, ukikugusa ngozi inawaka malengelenge baada ya siku moja au mbili. Wenyeji watakupaka maji ya gome la *chaká*, mti mwekundu unaobanduka ngozi, ambao wanautania kuwa ni mti wa mtalii. Kwa upele mdogo kubali, hakuna ubaya. Ukiingia machoni, au uso ukivimba, nenda hospitali. Nyoka akikuuma usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Tulia na upelekwe hospitali yenye dawa ya sumu mara moja. Cenote ya wazi ogelea upendavyo, lakini usiingie ndani ya pango lenye maji bila mwongozaji mwenye cheti cha mapango, hata kama wewe ni mzamiaji hodari wa Nungwi. Pale hakuna pa kuibukia. Na homa kali yenye maumivu nyuma ya macho inaweza kuwa dengi. Usinywe aspirini, kapime.

Nimejizuia muda wote nisizungumze nyuki, na nyuki ndio waliokuwa kazi yangu miaka minne kule, kwa hiyo nivumilie. Wamaya wanafuga nyuki wasiouma, *xunáan kab*, yaani bibi nyuki, kwenye magogo mafupi yaliyochimbwa na kuzibwa ncha zote kwa kifuniko na udongo. Ukizibua unakuta vijungu vya nta vimeshikana kama zabibu, asali yake nyepesi, ina uchachu. Gogo moja linatoa lita moja au mbili kwa mwaka, basi. Tuna jamaa zao kwetu, nyuki wadogo, na wazee wetu wameijua dawa yake. Miaka ya themanini mwishoni walifika Yucatán nyuki wengine wakali, kizazi cha malkia waliopelekwa Brazil mwaka 1956 kutoka Afrika Kusini na Tanganyika, wakatoroka mwaka uliofuata. Mzee mmoja aliponiuliza nimetoka wapi nikamweleza, alinitazama muda mrefu, akasema, "Kumbe ni wenu."

Nyinyi wa Muheza mna deni la upande wa pili. Mkonge wa Tanga ulitoka kwao. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche yenye asili ya huko kupitia Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62, na mashamba yote uliyoyapita ukienda shule yanaanzia hapo. Jina la Kizungu la zao hilo ni jina la bandari ndogo ya Yucatán, Sisal. Jamii ya mkonge wa kule iliwatajirisha mabwana shamba wachache, huku Wamaya wakifungwa mashambani kwa madeni yasiyolipika, mambo ambayo mtu ambaye babu yake alikuwa manamba hahitaji kuelezwa mara mbili. Kabla ya kuondoka, piga picha mistari ya mkonge ya kwenu, na katani ikianikwa. Ukizoeana na wenzako jikoni waoneshe, uulize *ba'ax u k'aaba'*, hiki kinaitwaje. Watakwambia *kij*, na wa kijiji cha upande wa Mérida huenda akaanza kukusimulia habari za babu yake.